Niliuliza supu ni ya mifupa gani, nikaambiwa chipsi zipo

Nimejizuia kwa siku kadhaa nisiandike, nikitaraji kwamba hasira zitanishuka, na hazikushuka. Naandika basi kuhusu mkahawa mmoja wa Mji Mkongwe unaouza rameni, zile tambi za Kijapani zinazoliwa katika bakuli kubwa la supu, ambako nilikwenda na Shangazi yangu wakati kaskazi ikielekea kumalizika. Jina la mkahawa sitalitaja. Yuko mtu mmoja ndani yake ambaye sipendi lawama zangu zimfikie, na yule aliyetukosea anajua alichosema.

Shangazi anaishi Wete. Alikuwa amevuka kuja Unguja kwa harusi, na kabla hajarudi Pemba nilitaka nimpeleke mahali ambapo hajawahi kufika, akae kitako na yeye ahudumiwe, baada ya siku zote zile za kukuna nazi na kupakulia watu. Rameni niliichagua mimi. Mdogo wangu wa kiume alisoma Fukuoka, na tangu aliporudi hakuna chakula anachokitaja kwa hamu kama hicho, ingawa alipokuwa kule ilimbidi akitafute kwa uangalifu mkubwa, kwa kuwa sehemu hiyo ya Japani ndiyo nyumbani kwa supu inayoitwa tonkotsu, na neno hilo kwa Kijapani maana yake ni mifupa ya nguruwe. Yeye ndiye aliyenifundisha neno lenyewe, akanikariri­sha mpaka nikalishika, ili siku nikisafiri nisije nikakosea. Sikudhani kwamba nitalihitaji hapa hapa Unguja, mahali ambapo adhana ya laasiri inasikika ukiwa mezani.

Tulikaa karibu na dirisha. Menyu ilipoletwa niliifungua, na juu kabisa, kwa herufi kubwa, pameandikwa tonkotsu. Chini yake palikuwa na mchoro mdogo sana wa kuku. Nilirudia kusoma mara mbili. Kisha nikamwita mhudumu, kijana aliyevaa vizuri, nikamuuliza kwa sauti ya chini, kwa sababu sikutaka ionekane kwamba nimekuja kutafuta ugomvi: "Samahani kaka, supu hii imechemshwa kwa mifupa gani?"

"Ya kuku."

"Mbona imeitwa tonkotsu?"

"Ndiyo jina lake."

Nikamwambia kwamba jina hilo lina maana, nikamweleza maana yake, nikamwomba aende jikoni akatuulizie. Aliitazama menyu, akanitazama mimi, akamtazama Shangazi na mtandio wake, akapandisha mabega. "Mimi naleta tu," akasema. "Kama mna wasiwasi, chipsi zipo."

Akatuacha tumekaa, akaenda meza ya pili kwa wageni wanne, na pale, kwa Kiingereza safi na kwa uso uliokunjuka, akaanza kuwaeleza kila kilichomo katika kila bakuli: hili lina ufuta, hili lina pilipili, hili halimfai mtu anayedhurika na karanga. Alikuwa anajua. Au kama hakujua, alikuwa tayari kujua kwa ajili yao. Hilo ndilo lililonichoma zaidi kuliko maneno yenyewe, na mpaka sasa nikifumba macho namwona ameinama pale mezani kwao, kalamu mkononi, akisikiliza.

Shangazi alijifunika vizuri mtandio, akaniambia polepole, "Tuondoke, mwanangu, sina njaa kubwa." Huyu ni mama wa miaka sitini na kitu, hajakula tangu asubuhi, na anasema hana njaa ili mimi nisiaibike mbele za watu. Nilitamani kulia.

Naomba nieleweke vizuri katika jambo hili, kwa sababu baadhi ya niliowasimulia wameniambia kwamba nilikuza mambo. Kuuliza kilichomo chunguni si wasiwasi. Nenda Forodhani jioni, simama kwa muuza supu ya pweza, muulize pweza wake katoka wapi na kaingia lini, atakujibu huku anachota, na pengine atakuonyesha. Nenda Darajani kwa muuza nyama, muulize kachinja nani, hatakasirika, atakutajia. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kunipandishia mabega, na wao hawana meza za mbao wala taa za karatasi zinazoning'inia. Mtu anayeuza chakula Zanzibar anajua kwamba swali hilo litakuja, na jibu lake ni sehemu ya alichokiuza.

Tena katika rameni swali hilo lina uzito zaidi, kwa sababu macho hayawezi kulijibu. Supu ya tonkotsu huwa nyeupe kama maziwa bila ya kutiwa maziwa wala tui. Mifupa huchemshwa kwa moto mkali kwa saa nyingi, mpaka uboho na ute wake utoke, na mafuta yavunjikevunjike yachanganyike na maji. Mifupa ya kuku nayo ikipikwa hivyo hivyo hutoa weupe ule ule, na Wajapani wanayo supu ya namna hiyo, wanaiita paitani. Mabakuli mawili ukiyaweka mbele ya mtu ambaye hajawahi kuyaonja, hawezi kukwambia lipi ni la mnyama gani. Vile vipande vya nyama vinavyopangwa juu, chashu, kwa desturi huwa vya nguruwe. Hata ukihakikishiwa kuku, bado hujamaliza, kwa kuwa ladha inayotangulia kutiwa chini ya bakuli mara nyingi huwa ni mchanganyiko wa sosi ya soya ambao wapishi wengi huutia mirini, kiungo cha mchele kilichochachushwa, kitamu, chenye kilevi. Kwa hiyo nilikuwa na maswali matatu, na nilikuwa sijafika hata nusu ya la kwanza.

Tulikuwa tumeshasimama mpishi alipotoka. Sijui nani alimwambia. Ni kijana pia, mwenye aproni iliyolowa jasho, na kabla hajasema lolote aliinama akampa Shangazi shikamoo, akasubiri marahaba, ndipo akauliza kuna nini. Nikamweleza. Hakuniambia kwamba nina wasiwasi. Alisema, "Njooni muone," akatufungulia mlango wa jikoni.

Sufuria lilikuwa kubwa, la kufika kiunoni, na alipofunua kifuniko mvuke ulitutangulia usoni, harufu ya tangawizi na vitunguu thomu. Ndani yake supu nyeupe ilikuwa inatokota kwa nguvu, na miguu ya kuku ilikuwa inapanda na kushuka, vidole vimekunjuka, ngozi imelegea na kuwa kama utando. Akazamisha upawa akatoa shingo na mifupa ya mgongo, akatuonyesha. Alisema anaanza kuchemsha alfajiri, na kwamba miguu ndiyo inayoipa supu uzito wa kushika mdomo. Nikauliza la mirini. Akasema hatii, anatia sukari na kuipunguza soya motoni, akanitolea na chupa ya soya yenyewe nisome maandishi yake. Nyama ya juu ni paja la kuku lililofungwa kwa uzi na kupikwa polepole. Maswali yangu matatu yalijibiwa kwa muda mfupi kuliko ule tuliokaa tukimtazama mhudumu akicheka na meza ya pili.

Kisha nikamuuliza kwa nini basi supu ya kuku imepewa jina la nguruwe. Kwa mara ya kwanza alitazama chini. Alisema si yeye aliyeandika menyu, na kwamba wenye mkahawa wanaona wageni wanalijua neno hilo, wakilisoma mlangoni wanaingia.

Kwa hiyo neno limewekwa kwa ajili ya wapitao, na sisi tuliozaliwa hapa tukilisoma na kulielewa tunaonekana wasumbufu. Nimelifikiria sana jambo hili. Kama wangekuwa wanaipika tonkotsu ya kweli, wakaandika wazi, ningefunga menyu na kuondoka bila kinyongo, kwa sababu ningekuwa nimeambiwa. Lakini kuandika nguruwe na kupakua kuku ni kumdanganya mgeni aliyeifuata tonkotsu na kumfukuza mwenyeji ambaye angeweza kula. Sioni nani aliyetendewa haki hapo.

Tulikula. Lazima niseme hivyo, na lazima niseme kwamba kilikuwa chakula kizuri kuliko vyote nilivyowahi kula nje ya nyumbani kwetu. Supu ilikuwa nzito bila kukinaisha, yenye chumvi iliyopimwa, na kila nilipodhani nimeishika ladha yake, ilitokea nyingine nyuma yake. Tambi zilikuwa na manjano na mnyumbuko, zinarudisha jino. Shangazi alidhani ni mayai, na mpishi, ambaye alikuja mara mbili kututazama, akamwambia kwamba unga hukandwa kwa maji yenye chumvi za namna ya magadi, ndizo zinazoleta rangi na mnyumbuko ule. "Basi ni kama magadi yetu ya maharage," Shangazi akasema, na mpishi akacheka akakubali kwamba ni jamii moja. Akamwambia pia kwamba Japani mtu akivuta tambi kwa mlio haonekani amekosa adabu, lakini Shangazi alizila kimya, kidogo kidogo, kama alivyolelewa.

Yai alilikataa kwanza. Lilikuwa limekatwa katikati, weupe wake umeingia rangi ya hudhurungi kwa kulazwa ndani ya soya, na kiini kizito kinang'aa kama asali. Akasema halijaiva, akanisukumia nusu yake.

Kitu kilichomsimamisha ni lile jani jeusi lililochomekwa pembeni ya bakuli, liitwalo nori. Alilitoa, akalishika kwa vidole viwili, akalisugua, akalinyanyua kwenye mwanga wa dirishani ambapo liligeuka kijani, akalinusa. "Mwani huu," akasema. Hakuniuliza. Shangazi amelima mwani kwa miaka mingi, tangu kilimo hicho kilipoanza kuenea kwetu mwishoni mwa miaka ya 1980 na miaka iliyofuata. Amefunga kamba, amesimama baharini maji ya magotini, ameanika, amebeba magunia, na mikono yake inaujua. Nikamwambia huo ni mwani wa aina nyingine, Wajapani huutandaza na kuukausha mpaka ukawa kama karatasi, wakati spinosamu na kotonii, aina za mwani tunazozilima sisi, husafirishwa nje zikakamuliwe ute wa kuzitia uzito bidhaa za viwandani. Akalikata kipande, akakiweka ulimini, akakaa nacho muda. "Miaka yote hiyo," akasema, "na hakuna aliyeniambia kwamba mwani unaliwa hivi." Alilimaliza jani lote, kisha akala na langu.

Nilikuwa karibu kusamehe kila kitu wakati ule. Nilikuwa nimeanza hata kupanga nitakachoandika: kwamba watu waende, waulize mpishi, wasimjali mhudumu. Kisha ukaja wakati wa kulipa, na mhudumu yule yule akaleta risiti, akaiweka upande wangu bila neno. Hakumtazama Shangazi. Hakusema samahani, hakusema karibuni tena, na alikuwa amemwona mpishi wake ameinama mezani petu akizungumza nasi kama watu. Nilisubiri. Nilimpa fedha, nikahesabu chenji polepole makusudi ili nimpe nafasi ya kusema neno moja, na hakulisema. Nilipoikunjua risiti nyumbani nikakuta imeandikwa: tonkotsu mbili. Karatasi hiyo ninayo kwenye pochi mpaka leo, yenye tarehe na saa, inayoshuhudia kwamba mimi, mwalimu wa skuli, nilimpeleka Shangazi yangu mwenye sijda usoni akale mifupa ya nguruwe.

Kwa hiyo nikiulizwa kama mkahawa huu ni mzuri, nashindwa kujibu kwa neno moja. Jana ningesema msiende kabisa. Leo, nikiikumbuka ile supu, naona kusema hivyo ni kumdhulumu mpishi anayeamka alfajiri. Lakini mpishi hawezi kutoka jikoni kila mara mtu anapouliza, na siku ambayo hakutoka, mama wa watu mwingine ataambiwa chipsi zipo, ataondoka na njaa yake, na hatajua kamwe kwamba sufuria lilikuwa la kuku. Nikifika hapo hasira zinanirudia upya, na ule uzuri wa supu unazizidisha badala ya kuzipunguza.

Wenye mkahawa wana mambo mawili tu ya kufanya. Wafute neno lile, waandike supu ya kuku kwa Kiswahili na kwa lugha yoyote nyingine wanayoitaka. Na mhudumu wao afundishwe kusema "ngoja nikuulizie", maneno mawili ambayo kwa wageni wanne aliyaweza bila kufundishwa.

Juzi Shangazi alipiga simu kutoka Wete. Amejaribu kuchemsha miguu ya kuku kwa kuni tangu asubuhi hadi adhuhuri, supu imekuwa nyeupe nusu tu, na akija tena baada ya Sikukuu anataka nimrudishe kwa yule mpishi amuulize alipokosea. Nilimwambia ngoja nikapite kwanza. Nikapita jana, nikasimama nje kwenye ule ubao wa mlangoni, na harufu ya tangawizi ilikuwa inatoka mpaka barabarani. Neno lilikuwa pale pale, limeandikwa upya kwa chaki. Sikuingia, na Shangazi sijamwambia.