Upasuaji mzuri, kliniki ya marudio dhaifu: goti la bandia la mama

Mama alipowekewa goti la bandia katika hospitali moja ya hapa Kisumu, upasuaji wenyewe ulifanywa kwa ustadi, na wauguzi wa wodi walimhudumia kwa upole ambao sitausahau. Kasoro ilianza baada ya kuruhusiwa. Wiki ya tatu kidonda kilianza kutoa majimaji ya manjano yaliyolowesha bandeji kila asubuhi hadi ikamgandia ngozini, nami nilipompeleka kliniki tulipewa vidonge vya antibiotiki tukarudishwa nyumbani, bila goti kuguswa wala majimaji kupimwa.

Hilo ndilo ninalolilaumu. Bakteria kama Staphylococcus aureus hujishikiza kwenye chuma na plastiki za goti la bandia, kisha hujijengea utando ambao dawa na kinga ya mwili huupenya kwa shida. Kwa hiyo vidonge peke yake huweza kutuliza dalili na kuvuruga vipimo vya baadaye, huku maambukizi yakiendelea chini kwa chini. Daktari wa hospitali nyingine, tuliyemwona wiki hiyo hiyo, alifyonza majimaji ya goti kwa sindano ili bakteria waliomo waoteshwe maabara na kutambuliwa, kisha akalifungua goti, akalisafisha, na kubadilisha kipande cha plastiki. Kwa kuwa tuliwahi, vyuma havikung'olewa.

Upasuaji wa hospitali ile ya kwanza naupendekeza. Kliniki yao ya marudio, bado. Mgonjwa asiye katika hali ya dharura aombe majimaji yapimwe kabla ya kumeza kidonge cha kwanza.