The X-Files: miaka saba ya kusubiri, halafu wakanipa mwanga wa nyota

Nitafichua siri kubwa humu, kwa hiyo kama hujaitazama The X-Files, ile tamthilia ya Marekani ya wapelelezi wa kesi zisizoelezeka, ishia hapa ukaitazame kwanza. Misimu mitano ya mwanzo sioni cha kuifananisha nayo. Baada ya hapo, nina ugomvi nayo.

Juzijuzi nimeirudia toka mwanzo pamoja na mdogo wangu, ambaye hakuwahi kuiona. Taa tunazima, simu tunaweka mbali. Nikamwona anapita njia ileile niliyopita mimi: anaipenda, anaiamini, kisha anadhulumiwa.

Maana swali la tamthilia hii ni moja tu. Mwaka 1973, Fox Mulder na dada yake Samantha wako sebuleni wanacheza mchezo wa ubao huku wakigombea runinga. Umeme unakatika. Vipande vya mchezo vinatetemeka. Mwanga unajaa chumba kizima na yule binti wa miaka 8 anaelea kuelekea dirishani, kaka yake anahangaika kuifikia bastola iliyowekwa juu, boksi linamponyoka. Tukio lenyewe ni fupi, liko mwanzoni mwa msimu wa 2, lakini ukishaliona halikutoki. Kila anachofanya Mulder ukubwani akiwa mpelelezi wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, kule chini kwenye ofisi isiyo na dirisha la maana, na mafaili ambayo hakuna mwingine anayeyataka, kinatokana na usiku ule. Dada yangu yuko wapi?

Nikavumilia. Mwaka 1995 wakatuletea Samantha mtu mzima, kumbe nakala. Mwaka 1997 yule mzee mvuta sigara, adui wa Mulder, akamleta mwingine mgahawani, akakaa kidogo na kaka yake, akaondoka. Sawa. Nilijua wananizungusha, lakini mtu anayekuzungusha vizuri unamsamehe, kwa sababu unaamini mzigo anao.

Mwaka 2000, msimu wa 7, wakafungua mzigo. Samantha alilelewa kwenye kambi ya jeshi, akafanyiwa majaribio, mwaka 1979 akatoroka, na roho fulani zikamchukua zikamgeuza mwanga wa nyota ili asiteseke zaidi. Basi. Mdogo wangu akanigeukia: "Kaka, kwa hiyo ndiyo imeisha?" Sikuwa na la kumjibu.

Hasira yangu haitokani na huzuni ya jibu. Inatokana na kwamba jibu lile ni la swali jingine! Tamthilia hii ilijengwa juu ya watu wawili: mmoja, Mulder, anaamini kuna viumbe wa anga za mbali wanaoteka watu, mwenzake kazini, Scully, daktari, anadai ushahidi. Hapo ndipo utamu wote ulipokuwa. Miaka saba tumefundishwa kudai ushahidi, halafu kwenye swali kubwa kuliko yote zinatokea roho ambazo hazikuwa na kazi yoyote katika fumbo hili, zinafunga kesi. Mulder anatuambia amekuwa huru. Mimi nani kanifungua?

Na bado, nitasema ukweli, Mulder anaposimama gizani uwanjani, watoto wa mwanga wanacheza kumzunguka, na Samantha anakuja mbio kumkumbatia, nililia. Mara zote mbili. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba waliokosea namna hii walikuwa na uwezo wa kupiga picha nzuri namna ile.

Wapo wanaosema kilichoiharibu ni kuhama Vancouver kwenda Los Angeles baada ya msimu wa 5. Ni kweli ile misitu yenye mvua, na tochi mbili zinazokata ukungu, hazikupata mbadala kwenye jua la California. Lakini tamthilia nzuri haivunjwi na jua. Tazama msimu wa 2: Gillian Anderson, anayeigiza Scully, ana mimba, lazima apumzike, wakaamua Scully atekwe. Dharura ile ikazaa kifaa kilichokutwa shingoni mwake, ikazaa saratani yake ya msimu wa 4, hadithi zilizotushika roho. David Duchovny, anayeigiza Mulder, alipopunguza kazi, msimu wa 8, wakamteka Mulder naye. Mbinu ileile, ila safari hii nyuma yake hapakuwa na mzigo uliobaki.

Nilikuwa nimeshaamua kuandika: ukifika msimu wa 8, zima. Nafuta. Kuna John Doggett, aliyeigizwa na Robert Patrick, polisi wa zamani ambaye mwanawe mdogo aliuawa. Nilimchukia kwa sababu alikaa kiti cha Mulder. Karibu na mwisho wa msimu wa 9, mwaka 2002, wakati kila mtu ameshachoka, wakatoa kipindi ambamo Doggett anafuata ushahidi hatua kwa hatua mpaka anajua nani alimuua mwanawe na kwa nini. Hakuna roho, hakuna nyota. Mwisho yuko ufukweni na mama wa mtoto, wanamwaga majivu ya mtoto wao.

Kwa hiyo walijua kufanya! Mgeni wa misimu miwili walimpa jibu kamili, lenye jina na sababu. Mulder, aliyewabeba toka 1993, wakamnyima.