Eurotrace kwenye visiwa vidogo: uzoefu wangu baada ya miaka mitatu Moroni

Nimeulizwa mara nyingi hii Eurotrace ikoje, hasa na vijana wa takwimu ambao ofisini kwao bado wanahangaika na Excel, sasa leo naandika yote nimalize. Mi ni mzaliwa wa Unguja, bibi yangu mzaa mama Mngazija, na miaka mitatu hii nimekaa Moroni, mji mkuu wa Komoro, kwenye kazi ya takwimu za biashara ya nje. Tuko watatu. Watatu kwa nchi ya visiwa vitatu, Ngazija, Nzuani na Mwali, na kila kontena la mchele, kila gunia la karafuu, kila gari la mtumba lazima lipite mikononi mwetu kabla halijawa namba ya kusomwa na mtu.

Kwa asiyeijua, Eurotrace ni programu iliyotengenezwa na Eurostat, wale wa takwimu wa Umoja wa Ulaya, kwa ajili ya nchi zinazoendelea, na inatolewa bure. Unaipa data kutoka forodha, inazikagua, inazipanga kwa namba za HS, ule mfumo wa dunia wa kuipa kila bidhaa namba yake, na kwa nchi, halafu inakutolea majedwali. Forodha wenyewe huku wanatumia Sydonia, ndo ileile wanaosema Kiingereza wanaiita ASYCUDA, ya UNCTAD, shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, hata Tanzania iliwahi kutumika kabla ya mfumo wao wa forodha wa TANCIS. Watu wengi wanazichanganya hizi mbili. Sydonia iko pale kwa ajili ya ushuru, Eurotrace iko kwa ajili ya hesabu, na hapo ndo kwenye tofauti kubwa kwa sababu mtu wa ushuru akishapata chake sawasawa, uzito ukiandikwa kilo 40 au kilo 400 yeye halimkeri sana, lakini mimi silali.

Nitawapa kisa kimoja mtaelewa.

Mwezi wa pili tangu nianze nimepakia faili la forodha, nimeendesha ukaguzi, ikanirudishia listi ya mistari yenye walakini. Inafanyaje, wewe unaiwekea kwenye kamusi zake kwamba bidhaa fulani bei ya kilo moja inacheza kati ya hapa na hapa, ikikuta mstari uko nje ya mipaka inauweka pembeni. Basi kwenye listi kuna mstari wa 0905.10, vanila nzima isiyosagwa, kilo 400, thamani franka 60,000. Nikapiga hesabu, kilo moja franka 150! Yaani vanila, ile nyeusi iliyoanikwa miezi ikawa laini na kunukia chumba kizima, ile ambayo wakulima wanalala shambani kuilinda isiibiwe, ndo iende nje kwa bei ambayo pale soko la Volovolo hununui kitu cha maana? Haiwezekani.

Nikatoka na kikaratasi changu nikaenda forodha. Pale kuna mzee mmoja wa majalada, nikamwamkia "kwezi", akaitika "mbona", nikampa namba ya kadhia, yaani tamko la mzigo la forodha, akaenda kwenye rafu, akarudi na jalada limefungwa kamba, akalifungua taratibu kama anafungua msahafu. Ankara ya muuzaji iko humo, imegongwa muhuri, na thamani ni 60,000 kweli, ila euro! Wakala alivyokuwa anajaza kadhia alinakili namba kama ilivyo, kwenye sehemu ya sarafu akaacha KMF, yaani franka ya Komoro. Franka ya Komoro imefungwa na euro tangu 1999, euro 1 ni franka 491.96775, kwa hiyo mzigo ule haukuwa wa franka 60,000, ulikuwa wa franka 29,518,065. Mzee akaniangalia juu ya miwani, akasema, "Mwanangu, na hii ingepita hivihivi?" Nikamwambia ingepita babu, wallahi ingepita.

Sasa fikiria. Nchi kubwa mstari mmoja ukikosewa unazama baharini hakuna anayeuona. Huku bidhaa za kutegemea kuuza nje ni tatu, vanila, karafuu na langilangi, lile ua la kukamuliwa mafuta ya manukato, na kuna miezi mistari ya vanila unaihesabu kwa vidole. Ukikosea mmoja umekosea mwezi, ukikosea mwezi robo mwaka imepinda, na watu wa benki kuu wanachukua namba hiyohiyo wanaiingiza kwenye urari wa malipo, ile hesabu ya fedha zinazoingia na kutoka nchini. Kwa hilo peke yake mi naipa Eurotrace maksi zote, maana kwenye Excel ule mstari nisingeuona, ningekuwa nashusha shusha skrini tu macho yamechoka.

Lakini msije mkadhani programu ndo inajua. Haijui, inauliza tu. Mwaka uliofuata ikanirudishia mstari wa karafuu kutoka Nzuani, 0907.10, bei iko chini mno, kama sehemu ndogo tu ya bei ya mwezi ule. Mwenzangu wa meza ya pili akasema hii imekatika sifuri, tuongeze twende. Mi nikasita, kwa sababu nimekulia Unguja na najua kuanika karafuu, nikamwambia kaka subiri kidogo, hayo yasije yakawa makonyo. Maana HS kichwa cha 0907 kinachukua karafuu pamoja na makonyo, vyote namba moja, na makonyo ni vile vikonyo unavyovichambua ukabaki na karafuu yenyewe, vinakwenda kukamuliwa mafuta na bei yake haifanani kabisa. Tukapiga simu bandarini Mutsamudu, na kweli, makonyo matupu. Tungeongeza sifuri tungeitajirisha nchi kwa uongo. Tangu siku hiyo nimeweka sheria mezani kwetu: haurekebishwi mstari mpaka mtu aone karatasi au aongee na aliyeuona mzigo.

Langilangi nayo ina shida yake. Mafuta ya langilangi kwenye HS yanaangukia 3301.29, ambayo ni kapu la mafuta ya kunukia "mengineyo", kwa hiyo ukiangalia tarakimu sita huoni langilangi, unaona kapu. Bidhaa inayoitambulisha nchi duniani haina namba yake mwenyewe! Dawa ni kuongeza tarakimu za kitaifa baada ya zile sita, na Eurotrace inakubali, unaitengenezea kamusi yako inafuata. Kama ofisi yenu inaanza leo nawaomba hili mlifanye mapema mkishirikiana na forodha, msingoje.

Tukija kwenye ugumu, kuisimika si kazi ya siku moja. Kamusi za bidhaa, za nchi, za sarafu, za vipimo, zote unazilea mwenyewe. Na HS haikai sehemu moja, ilianza kutumika 1988 na inabadilishwa kila baada ya miaka kadhaa, 2012, 2017, 2022, inayofuata inaanza Januari 2028. Mfano vanila hiyohiyo, mpaka toleo la 2007 ilikuwa namba moja 0905.00, toleo la 2012 likaigawa nzima na iliyosagwa. Karafuu vilevile. Kama hukuiunganisha namba ya zamani na mpya, ukitoa jedwali la miaka ishirini vanila inaonekana imekufa 2011 na nyingine imezaliwa 2012, halafu mwandishi wa habari anaandika anavyojua. Inakutaka mtu mmoja awe ndo mwenye kamusi, asiwe kila mtu anagusa. Na mtu huyo akihama? Ndo maana mi naandika kila kitu kwenye daftari la kawaida kabisa, jalada gumu, kwa sababu kwenye ofisi moja niliyopita zamani, si hii, mtaalamu wa nje alikuja wiki mbili akaweka kila kitu vizuri akaondoka hakuacha hata ukurasa mmoja wa maelezo, kompyuta ikafa, bakapu hakuna, na miaka minne ya data tukaikusanya upya kutoka kwenye karatasi. Nililia, sioni aibu kusema.

Kitu kingine kinachosumbua hasa visiwa ni nchi ya kuandika. Mchele umelimwa Pakistani, umenunuliwa kwa mfanyabiashara wa Dubai, ankara ya Dubai, meli imepakia huko. Wakala anaandika Imarati. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa 2010 kuhusu takwimu za bidhaa uko wazi, bidhaa inayoingia unaandika nchi ya asili, na nchi ilikotumwa unaiweka kando kama nyongeza, na inayotoka unaandika mwisho wa safari unaoujua. Sasa karafuu zinazotoka sisi tukiandika Dubai kwa sababu ndo tunakokujua, halafu zikaishia India, India wao wataandika zimetoka Komoro, maana asili ni Komoro. Ukifungua Comtrade, hifadhi ya takwimu za biashara ya Umoja wa Mataifa, ukalinganisha unakuta India imenunua karafuu ambazo sisi hatukuwauzia. Hakuna mwizi hapo. Mi siku hizi kila robo mwaka nachukua data za India na Ufaransa naziweka pembeni ya zetu, ndo kioo changu. Ila muwe makini, waagizaji wanahesabu CIF, yaani na nauli na bima ndani, sisi tukiuza tunahesabu FOB, yaani bila nauli na bima hiyo, kwa hiyo hata kila mtu akiwa sahihi namba hazitolingana. Wengi wanakata asilimia 10 kama kawaida. Kwa visiwa mi naona hiyo haitoshi, huku Moroni meli kubwa haigusi gati, inatia nanga nje mzigo unashushwa kwa matishali, kila hatua ina gharama yake.

Na yapo ambayo programu yoyote duniani haitokusaidia. Akina mama wanaorudi kutoka Dubai na Dar na masanduku, vitambaa, simu, dhahabu, mafuta ya nywele, wanalipa pale uwanja wa ndege kwa karatasi rahisi, bidhaa zote zimeandikwa "mchanganyiko". Ile ni biashara kamili, inalisha nyumba na inaoza mabinti kwenye harusi kubwa za Kingazija, lakini kwenye jedwali langu ni mstari mmoja usio na sura. Tumejaribu kusimama uwanjani wiki moja moja tukiwauliza kwa adabu, dada umebeba nini hasa, wengine wanacheka wanafungua sanduku, wengine wanadhani tunataka kuongeza ushuru wanatupita. Tukiwaeleza kwamba sisi si forodha na jina hatuandiki, wengi wanakubali. Makadirio tuliyopata siyo kamili lakini ni bora kuliko kuwafuta hawa kina mama kwenye uchumi wa nchi yao.

Tarehe nazo. Mizigo mingine mikubwa inatolewa kwanza karatasi zinafuata, hivyo dizeli inaweza kuwa imeshaungua kwenye majenereta kabla kadhia yake haijanifikia, na kwa nchi ndogo meli moja ya mafuta ikihama mwezi basi mwezi mmoja unaonekana nchi imeacha kutumia mafuta na mwezi unaofuata imekunywa mara mbili. Usitoe taarifa ya mwezi kabla hujauliza bandarini meli gani ziliingia. Mi nina listi ya meli ukutani.

Halafu siri za watu. Hapa bidhaa fulani ina muuzaji mmoja au wawili tu, ukichapisha namba ya HS, nchi na mwezi, umeshaanika kitabu cha biashara cha mtu. Mwongozo unaruhusu kuunganisha mistari kama mwenye biashara akiomba afichwe. Kufanya hivyo kwenye Eurotrace ni rahisi, unaunganisha kwenye jedwali la kutolea na data ya chini inabaki salama. Wenzangu mkumbuke kukagua na jumla pia, nimeona jedwali limeficha mstari mmoja tu, mtu anatoa mistari mingine kwenye jumla anaupata.

Kwa hiyo kama mko visiwani, wafanyakazi wachache, hela ya kununua programu hamna, chukueni hii. Kompyuta ya kawaida ya Windows inatosha kuanzia. Bakapu fanya kila Ijumaa kabla ya sala, diski mbili, moja isilale ofisini. Anzeni na mipaka ya bei kwa bidhaa zenu kumi kubwa tu, zinazobaki mtaongeza mkienda. Mipaka yetu ya vanila, karafuu, makonyo na mafuta ya langilangi nimeiandika vizuri kwa kilo na kwa euro, anayeitaka aniambie nimtumie, wa Shelisheli ataweka tuna yake na wa Morisi sukari yake. Ile ya makonyo iacheni kama ilivyo, hiyo tumeihakiki gunia kwa gunia.