Urban Cowboy (1980): kwa nini bado naipenda filamu hii

Wengi huitafuta Urban Cowboy kwa sababu ya John Travolta, na wana haki. Alikuwa ametoka kuitikisa dunia kwa filamu mbili za muziki na dansi, moja ya 1977 na nyingine ya 1978, na hii ya 1980 iliuzwa kwa sura yake na kofia yake. Lakini anayeibeba ni Debra Winger. Kila nikiiweka, macho yangu humfuata yeye: anavyomsogelea mwanamume asiyemjua na kumuuliza kama ni kauboi wa kweli, anavyopandwa na hasira bila kuificha, anavyocheka pasipo kujali nani anamtazama. Kabla ya hapo watu wachache walilijua jina lake. Baada ya hapo, hakuna aliyemsahau.

Nitakisimulia kisa, maana filamu ina umri mkubwa na utamu wake haupungui kwa kujua mwisho. Bud Davis, anayechezwa na Travolta, ni kijana aliyekulia Spur, mji mdogo wa magharibi mwa Texas. Anawaaga wazazi, anapakia vitu kwenye pikapu na kwenda Houston kwa ami yake, Bob, ambaye anafanya kazi katika kiwanda cha kusafisha mafuta. Ami anamtafutia kazi hukohuko, na jioni ya kwanza yeye na mkewe Corene wanamtoa kijana akaone mji. Mji, kwa watu hawa, maana yake ni Gilley's.

Gilley's haikuwa mandhari ya kutengenezwa na mafundi wa Hollywood. Ilikuwa baa ya kweli huko Pasadena, kitongoji cha viwanda kilichopakana na Houston. Waliokuwa wakiimiliki ni wawili: mwanamuziki Mickey Gilley (binamu wa mwimbaji Jerry Lee Lewis) na mfanyabiashara Sherwood Cryer. Ilikuwa kubwa kupita kiasi: bati juu, jukwaa la bendi, meza za pool, mashine ya kupima nguvu za ngumi, kaunta ndefu, sakafu ya dansi inayomeza mamia ya watu. Mwandishi Aaron Latham alikwenda huko akaandika makala iliyotoka katika jarida la Esquire mwaka 1978, kuhusu vijana wa viwandani waliokuwa wakipendana na kuachana ndani ya baa hiyo. Kisha yeye na mwelekezi James Bridges wakaigeuza makala kuwa filamu, na wakaenda kuipigia palepale, wateja wenyewe wa Gilley's wakijaa nyuma ya waigizaji. Inaonekana. Watu wanaopita nyuma ya Travolta wana mwendo wa watu waliozoea mahali.

Hapo ndipo mapenzi yangu kwa filamu hii yanapoanzia. Mchana, wanaume hawa wanavaa kofia ngumu za kazi na kupanda mabomba katikati ya moshi. Usiku wanavaa kofia pana, buti na mikanda yenye bizimu kubwa. Hakuna hata mmoja wao anayechunga ng'ombe. Houston ya miaka ya 1970 ilikuwa imevuta wafanyakazi kutoka kila upande baada ya bei ya mafuta kupanda, na wengi walikuwa watoto wa mashambani ambao shamba limewaacha mikono mitupu. Gilley's iliwarudishia heshima kwa saa chache. Filamu hailicheki jambo hilo hata kidogo. Inawatazama watu wanaojipiga pasi, wanaojipulizia manukato, wanaolipia bia kwa pesa za jasho lao, na inawapa uzito uleule ambao filamu nyingine huwapa wafalme na majemedari. Mimi nimekulia Nakuru nikiwaona wanaume wa aina hiyo: wiki nzima wako kazini na ovaroli, Jumamosi jioni humtambui mtu kwa alivyojipanga. Nilivyowaona kwenye skrini niliwajua mara moja.

Na dansi! Travolta hapa hachezi kama nyota. Aliyepanga hatua ni Patsy Swayze, mwalimu wa dansi wa Houston na mama yake Patrick Swayze, na alijua vizuri jinsi watu wa pale wanavyocheza. Wawili wanashikana, wanazunguka ukumbi kinyume cha saa pamoja na wengine wote, hatua mbili za haraka, mbili za polepole, bila madoido. Ukitazama vizuri utaona ugomvi na upatanisho vikisomeka kwenye mabega na mikono kabla mtu hajafungua kinywa. Bud na Sissy, msichana anayekutana naye Gilley's (huyu ndiye Winger), wakiwa wanapendana, wanateleza. Wakikasirikiana, kila mmoja anacheza na mtu mwingine, huku jicho likimtafuta yule wa kwanza juu ya bega la mgeni. Sijaona filamu nyingine iliyoonyesha wivu kwa njia rahisi namna hiyo na ukauamini.

Wanaoana haraka, kwa papara, na sherehe ya harusi wanaifanyia Gilley's. Wanahamia kwenye nyumba ya trela wakiwa na furaha ya watoto. Halafu maisha yanaanza: nani apike, nani asafishe, kwa nini umechelewa. Bud ametoka nyumbani akiwa na picha moja tu ya mke, na Sissy haimo kwenye picha hiyo. Anafanya kazi, anaendesha gari, anapenda kutoka. Kinachowapasua hasa ni fahali wa mashine.

Kwa ambaye hajawahi kumwona: ni pipa lenye umbo la mgongo wa ng'ombe, limevikwa ngozi, limekaa juu ya mtambo wa umeme katikati ya magodoro. Asili yake ni chombo cha kuwafundishia wapanda mafahali wa rodeo, yale mashindano ya makauboi. Unakaa juu, mkono mmoja kwenye kamba, mwingine hewani, na mtu aliye pembeni ameshika kidhibiti. Yeye ndiye anayeamua kasi, na yeye ndiye anayeamua lini mnyama huyo wa chuma ageuke ghafla. Hapo ndipo penye werevu wa hadithi. Fahali wa nyama na damu hana kinyongo na mtu. Huyu wa Gilley's anaendeshwa na Wes Hightower, mfungwa aliyetoka jela, anayemtaka mke wa aliyepanda. Scott Glenn anamcheza Wes kwa utulivu unaotisha. Hapandishi sauti, na ukimwona anavyomla yule mdudu aliye ndani ya chupa ya pombe unajua kuwa mtu huyu si wa kuchezea. Bud anapovunjika mkono juu ya mashine ile, aliyemvunja ana jina na anatabasamu.

Sissy anataka kupanda. Bud anamkataza, akisema si mchezo wa wanawake. Sissy anajifunza kwa siri, na anakuwa bora kuliko mumewe. Siku anapopanda mbele ya Bud, akisimama juu ya mgongo wa mashine, akijigeuza, akiwa na raha tele usoni, Winger anafanya jambo gumu sana kwa mwigizaji: unamwona akifurahia uwezo wake na papo hapo akiomba mume wake amfurahie pia. Bud hawezi. Ndoa inavunjika pale, juu ya kitu ambacho kingeweza kuwa fahari yao wote wawili. Nimeshaona ndoa zikifa kwa sababu ya duka la mke kufanya vizuri kuliko kazi ya mume, na naona filamu hii ilielewa ugonjwa huo vilivyo.

Sasa niseme lililo gumu. Bud anampiga Sissy, na filamu inapita haraka. Wes naye anampiga, na hapo ndipo tunaambiwa kuwa huu ni uovu. Kofi la mume limechukuliwa kama joto la ujana, kipigo cha Wes kimechukuliwa kama jinai. Mimi sikubali tofauti hiyo. Yote mawili yalistahili kuitwa uovu, waziwazi, palepale yalipotokea. Bud anajirudi, ni kweli, na mwishoni anamwomba Sissy msamaha kuanzia kofi la kwanza. Lakini ukikaa kuitazama na binti yako aliyeanza kukua, simamisha hapo mzungumze. Sizungumzii watoto wadogo, hao wasiitazame kabisa. Kuna vipigo, kuna ulevi, kuna mambo ya chumbani.

Sehemu ya katikati pia inalegea. Bud anachukuliwa na Pam, binti wa tajiri wa mafuta, anayependa makauboi kama wengine wanavyopenda vito. Madolyn Smith anamcheza vizuri na hata anamfanya awe mtu wa kuhurumiwa, kwa sababu mwishoni ni Pam mwenyewe anayemwambia Bud arudi kwa Sissy. Lakini nyumba yake ya ghorofani inatutoa Gilley's, na kila tukitoka Gilley's filamu inapungua damu. Ni zaidi ya saa mbili, na dakika ishirini zingekatwa hapo pasingeharibika kitu.

Ami Bob ndiye anayeirudisha. Barry Corbin anamcheza kama mtu mnene, mcheshi, aliyewahi kung'ara kwenye rodeo enzi zake, na Bob ndiye anayemfundisha Bud kukaa juu ya fahali kwa ajili ya shindano lenye zawadi ya dola 5,000. Kuna mazungumzo yao ambayo kila mwanamume aliyeoa ayasikilize. Bob anamwambia mpwa… hapana, mtoto wa nduguye, kwamba kiburi kinaweza kumgharimu mtu familia nzima, na kwamba hata yeye alikaribia kupoteza mke na watoto kwa kutaka kuonekana mkubwa. Anasema kama mzee anayesema jambo mara moja tu. Muda mfupi baadaye, radi inapiga kiwandani na Bob anakufa. Mauti yale hayana maandalizi wala muziki wa kukuliza, yanakuja kama ajali za kazini zinavyokuja, na ni baada ya mazishi ndipo Bud anaanza kuwa mtu mzima.

Muziki ni sababu nyingine ya kuitafuta filamu hii, hasa kwa sisi wa Kenya. Kantri haikufika kwetu jana. Jim Reeves, Skeeter Davis, Don Williams na Kenny Rogers wamepigwa redioni tangu enzi za wazazi wetu, na tuna waimbaji wetu wenyewe, akiwemo Sir Elvis, wanaojaza kumbi kwa nyimbo hizo. Kenny Rogers yumo humu. Wamo Anne Murray, Bonnie Raitt na Charlie Daniels na fidla yake inayowasha sakafu. Johnny Lee, aliyekuwa akiimba Gilley's usiku baada ya usiku, alipata kupitia filamu hii wimbo wa Lookin' for Love ulioshika nafasi ya kwanza kwenye chati ya kantri Marekani na kupanda hadi nafasi ya tano kwenye chati ya jumla. Mickey Gilley naye anajiigiza mwenyewe, jukwaani kwake. Albamu ilitoka ikiwa na sahani mbili, na ukiipata hata kwa mkono wa pili inunue. Ina mpangilio wa mtu anayejua jinsi usiku wa dansi unavyopanda na kushuka.

Baada ya filamu, Marekani nzima ilishikwa na homa ya buti na kofia, na mafahali wa mashine wakawekwa kwenye baa za miji isiyowahi kuona rodeo. Homa ikapoa. Gilley na Cryer wakakosana hadi mahakamani, Gilley's ikafungwa mwaka 1989, na moto ukaimaliza mwaka uliofuata. Mickey Gilley alifariki mwaka 2022. Kwa hiyo unapotazama wale watu wakizunguka sakafu ile, unatazama mahali pasipoweza kutembelewa tena, palipopigwa picha na watu waliopajali.

Kwa atakayeitafuta: chukua nakala yenye maandishi ya Kiingereza chini, kwa sababu lafudhi ya Texas ni nzito na Travolta anaivuta kwa makusudi. Usiitazame kwenye simu. Sauti ya bendi na umati inahitaji spika za kweli, na matukio mengi ya Gilley's yana watu wanaofanya mambo yao pembeni ambao kwenye skrini ndogo huwaoni. Mpe Winger macho yako tangu anapoingia. Kama mwenzi wako anapenda kucheza, sogezeni meza kabla hamjaanza, maana ile hatua ya kuzunguka ukumbi inafundishika na mtataka kuijaribu bendi ikiwa bado inapiga. Mimi naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano imezuiwa na kofi lile ambalo filamu ililipita haraka.