Uzoefu wangu na boti ya 2.4mR: kagua kiti kabla ya tanga

Hii naandikia wenzangu wa wilichea mnaotaka kushindana kweli, sio kuzungushwa majini kama watalii. Naishi Uingereza, nimekulia Mombasa, na msimu huu nimekuwa nikishindana na boti ya tanga ya klabu, aina ya 2.4mR.

Boti yenyewe sina neno. Ni ya mtu mmoja, mita nne na kidogo, uzito kama kilo 260 na sehemu kubwa ya huo uzito ni madini ya risasi yaliyo chini kwenye mkuku (ule uti wa chini ya boti), kwa hiyo upepo ukipiga inalala ubavu halafu inainuka yenyewe, hakuna habari ya kuning'inia nje ya ubao kuiweka sawa kama wale vijana wa mashua za Lamu. Unakaa chini ndani, unatazama mbele, kamba zote zimeletwa hapo kifuani. Na kwa sababu hakuna anayehama kiti, mzima na mlemavu wanashindana sawasawa. Ilikuwa Paralimpiki kuanzia 2000 hadi 2016, mchezo wote wa boti za tanga ukatolewa baada ya Rio (mpaka leo inaniuma). Damien Seguin, Mfaransa aliyezaliwa bila kiganja cha kushoto, alichukua dhahabu na boti hii 2004 na 2016, halafu akaenda kuzunguka dunia peke yake kwenye Vendée Globe ya 2020 akamaliza wa saba!

Sasa shida iko kwenye marekebisho, maana kila mwili na mambo yake. Wengi wanaongoza usukani kwa pedali za miguu, mimi miguu haifanyi kazi kwa hiyo nimewekewa fimbo ya mkono, sawa, lakini mkono mmoja usukani mwingine demani (kamba ya kuvuta na kulegeza tanga), kamba zingine utavuta na nini? Inabidi demani ibaki kwenye kile kibanio cha meno kinachoishika kamba, na aliyeirekebisha boti kabla yangu alikuwa amekifunga mbali, na mimi misuli ya tumbo sina, nikiinama sirudi. Tumekisogeza mpaka kiko usawa wa goti, sasa nakifikia mgongo ukiwa umeegemea.

Kiti ndo usiseme. Kilikuwa cha plastiki tupu, hakina kingo. Kwenye kubisha, yaani kwenda kinyume cha upepo, boti inalala, nikateleza kiwiko kikasukuma fimbo, boti ikageukia upepo ikasimama pale tanga linapigapiga, wenzangu wote wanapita tu wananipungia mkono. Tumeweka sponji ngumu pande zote mbili za nyonga, chini mto kama wa wilichea wa kuzuia vidonda vya kukaa, na mkanda wa velkro unaofunguka kwa kuvuta mara moja. Ukiona mkanda wa bizimu ya chuma, kataa kabisa, hata wakikwambia ni imara, huo uimara ndo tatizo lenyewe.

Pampu ya umeme ya kutoa maji pia muhimu maana mawimbi yanaingia, cheki betri kabla hujashuka majini.

Kama mikono yako ni dhaifu sana anzia boti ya Hansa 303, ina joistiki (fimbo ndogo ya kuongozea) na inaweza kufungwa mota za kuvuta kamba. Ila kama unanunua 2.4 ya mtumba, omba ukae ndani ikiwa bado nchi kavu, waambie wailaze ubavu taratibu, kulia halafu kushoto, na ukiteleza hata kidogo usitoe hela mpaka kiti kirekebishwe.