Diski haina kosa, fundi ndiye: uzoefu wangu na diski ya nje ya TB 1

Nimekaa na hasira hii wiki kadhaa nikingoja ipoe ndipo niandike. Haijapoa, basi naandika hivyo hivyo.

Mimi napiga video za harusi na sendofu hapa Dar es Salaam. Laptopu yangu ni ya Windows. Kijana anayenihariria kazi yuko Sinza, anatumia Mac. Kanisani, ambako video nyingi huonyeshwa, kompyuta yao ni ya Ubuntu, mfumo mwingine usio Windows wala Mac. Flashi zilikuwa zinatuchosha, kwa hiyo nilipopata hela nikanunua diski moja ya nje izunguke kwetu sote watatu.

Kazi ya kwanza kuingia humo ilikuwa sendofu moja ya Mbezi. Nikahamisha klipu zote, nikafuta vilivyomo kwenye kadi za kamera, kwa sababu kadi ninazo mbili tu na Jumamosi ilikuwa na shughuli nyingine. Kijana wa Sinza akaichomeka kwenye Mac yake. Klipu zote zinaonekana, zinacheza vizuri. Akitaka kuniwekea kazi aliyomaliza kuhariri, inagoma. Haibandiki kitu, haifuti kitu. Tukaamini imekufa.

Haikuwa imekufa. Ilitoka kiwandani ikiwa na mpangilio wa NTFS, ambao ni wa Windows, na Mac huusoma tu bila kuandika. Ningelijua hilo siku ile nisingetia mguu Kariakoo. Lakini sikulijua, nikairudisha pale duka nililoinunua.

Nilimwambia fundi hivi, na mdogo wangu alikuwa pembeni akisikia: "Kaka, hii kwenye Mac haikubali kuandika, na ndani kuna kazi ya mteja." Hakuinua hata macho. Chupa ya soda mkono wa kushoto, mkono wa kulia kwenye kipanya, akaichomeka na kuanza kubofya. Nikamuuliza anafanya nini.

"Dada, wewe kazi yako kupiga picha. Haya ya kompyuta tuachie sie."

Akafungua programu fulani ya pembeni, akabofya mara mbili, na diski ikawa tupu. Nimekuja kuelewa baadaye kwamba aliifomati, yaani aliifuta na kuipanga upya, kwa mpangilio wa zamani uitwao FAT32, na kwamba dirisha la kawaida la kufomati la Windows halikupi FAT32 kwenye diski inayozidi GB 32, kwa hiyo programu ile alikuwa nayo tayari kwa kazi hiyo. Maana yake alijua vizuri sana alichokuwa akikifanya. Halafu, ili anionyeshe kuwa imepona, akanakili humo filamu moja nzima kutoka kwenye kompyuta yake. "Unaona? Inaingia. Mac, Windows, tivii, kote inasoma."

"Na kazi yangu?"

"Kumbe kulikuwa na kitu? Si ungesema."

Si ningesema! Kisha akanidai elfu kumi ya kufomati. Nililipa huku mikono inatetemeka, ili tu aniachie diski niondoke.

Na hata hiyo dawa yake haikuwa dawa. FAT32 haipokei faili moja lenye ukubwa wa GB 4 au zaidi. Video ya sendofu iliyokwisha kuhaririwa ilikuwa GB 11. Diski karibu yote iko wazi, nayo inasema faili ni kubwa mno. Kwa mtu wa video huo ni mzigo wa bure.

Aliyeniokoa ni yule kijana. Alinipigia na kunikataza nisiweke humo hata picha moja, kwa kuwa kufomati kwa haraka hufuta orodha ya mafaili, vilivyomo hubaki mpaka kitu kingine kikalie nafasi ile. Akaendesha PhotoRec, programu ya bure, na klipu alizoziokoa akazielekeza kwenye diski nyingine. Taa ya bluu ilipepesa usiku kucha. Asubuhi zilirudi nyingi, ila majina yote yamepotea, kila moja ni herufi f na tarakimu. Tulizifungua moja moja tukiandika kwenye daftari: huyu shangazi, hii keki, hapa wanaingia ukumbini.

Baada ya hapo tukaifomati kwa mpangilio wa tatu, exFAT, na ndicho kitu ambacho fundi angefanya tangu mwanzo, baada ya kuhamisha kwanza vilivyomo. Kwenye Windows unabofya kulia juu ya diski na kuchagua Format, kwenye Mac unapitia Disk Utility. Windows na Mac zote zinasoma na kuandika, na faili la GB 11 likaingia. Kanisani ilikataa kwanza kwa kuwa Ubuntu yao ni ya zamani, ikabidi kusakinisha exfat-fuse na exfat-utils, programu za kuiwezesha kutumia exFAT. Kuanzia toleo la 20.04 huhitaji hata hayo.

Nilikuwa nimeapa kuipa diski hii nyota moja. Leo naipa nne, ni nyepesi, haijawahi kunigomea tena. Ila hapana, tatu. Nimelitazama boksi tena: mbele wameandika kwa maandishi makubwa kwamba inafaa kwa Mac, na nyuma, kwa herufi za kutafuta kwa tochi, kwamba kwa Mac huenda ukahitaji kuifomati upya. Herufi hizo zingekaa mbele, nisingekutana na yule mtu. Na exFAT nayo ukichomoa waya katikati ya kunakili, ni rahisi kupoteza vilivyomo kuliko kwenye NTFS, kwa hiyo bofya kwanza Eject, kila mara.

Mteja nilimpelekea video yake. Hotuba ya babu wa bibi harusi haimo. Nadhani filamu ya fundi ndiyo iliyoikalia, maana klipu ile ilirudi vipande na haifunguki. Mama mtu alinipigia akauliza, "Mwanangu, mbona baba sijamwona?" Nilishindwa kumjibu. Klipu ninayo bado, ni MOV, GB 3 na ushee. Mwenye kujua namna ya kufungua MOV iliyoharibika hivyo aniambie, nitamlipa.