Basmati mweupe au sela: upi unaiweza biriani ya kachi?

Assalaam alaykum, karibuni. Mezani kuna michele miwili ya basmati: huu mweupe uliokaa ghalani, na huu wa sela. Tunaipima kwa kachi, biriani ya Hyderabad kule India, na si bure. Biriani yetu ya pwani, wali na mchuzi hupikwa mbalimbali, kwa hiyo kosa la wali unaliona mapema na unalirekebisha. Kwenye kachi nyama inaingia mbichi, wali nusu mbivu unalala juu yake, sufuria inazibwa kwa unga uliokandwa. Ukifungua, mambo yameshakwisha.

Zitazame punje kwa karibu. Mweupe uliokaa mwaka mmoja na zaidi hauna weupe wa chaki, umeelekea krimu. Unyevu umepungua, ndiyo maana hurefuka bila kunata. Sela ni wa manjano, unapitisha mwanga, na ukiuuma unahisi ugumu. Mpunga wake uliloweshwa, ukapigwa mvuke ungali na maganda, ukakaushwa, ndipo ukakobolewa. Punje zake hazivunjiki ovyo, lakini harufu imepungua, na harufu ndiyo basmati yenyewe.

Sasa nyama. Kilo 1 ya mbuzi wa halali, mguu au bega, vipande vya ukubwa wa yai. Mtindi mzito gramu 250, papai bichi lililosagwa vijiko 2 vikubwa, tangawizi na thomu vijiko 2, vitunguu vya kukaanga, pilipili, iliki, mdalasini, nanaa, kotimiri, chumvi, samli. Ilale kwenye friji usiku kucha. Usizidishe papai, nyama itasambaratika. Itoe saa 1 kabla ya kupika: nyama ikiingia jikoni ya baridi, wali unaiva yenyewe bado mbichi.

Mchele kilo 1. Mweupe uloweke dakika 30, sela saa 1 hadi 2. Chemsha maji lita 4, na chumvi iwe kali kuliko ya supu, kwa sababu baada ya hapo wali hauna pengine pa kupatia chumvi. Mweupe, dakika 4 hadi 5. Sela, 7 hadi 9. Bana punje kwa kucha: ikikatika vipande viwili vitatu, na kila kimoja kina kiini cheupe kigumu, chuja hapo hapo. Hapa ndipo mweupe unapoadhibu. Dakika moja ya ziada, na baada ya mvuke unapakua bokoboko. Sela ukiuchelewesha dakika hiyohiyo, bado unachambuka.

Juu mwagia zafarani iliyoloweshwa kwenye maziwa ya moto, na maji ya kewra, ua la jamii moja na mkadi wetu wa kwenye vikuba. Soma kibandiko cha chupa: baadhi ya manukato ya chakula huyeyushwa kwa pombe. Chukua yaliyotengenezwa kwa maji.

Ziba. Moto mkali dakika 8 hadi 10, mpaka mvuke uanze kusukuma unga pembeni. Kisha weka chuma cha chapati chini ya sufuria, moto mdogo dakika 40. Zima, iache dakika 15. Sufuria nyembamba haifai kabisa kwa kazi hii, mtindi hushika chini na moshi wake hupanda hadi kwenye wali.

Hukumu yangu: kwa kilo 1 au 2 za nyumbani, chukua mweupe uliokaa, usimame na saa mkononi. Harufu ikitoka pale unga unapopasuliwa, sela hauifikii. Kwa sufuria la shughuli, la kilo 10 kwenda juu, chukua sela bila kusita, maana wali wa chini unabebeshwa uzito mkubwa na kuuchuja tu kunakula dakika kadhaa. Wakati wa kupakua, chota kutoka ukingoni hadi chini kabisa. Usikoroge.